Wasiotaka Kuona

Ujinga ni wa namna mbili. Kuna ujinga wa mtu ambaye jambo halijamfikia, na kuna ujinga wa mtu ambaye jambo limefika mlangoni pake, likapiga hodi, naye akazima taa na kunyamaza ili lidhani kwamba nyumbani hamna mtu. Ujinga wa kwanza si aibu. Kila mmoja wetu alizaliwa nao, na shule zimejengwa kwa ajili yake. Ujinga wa pili hauponi kwa shule, maana mwenye nao amekwisha kujua. Kilichomshinda si kufahamu bali ni kukubali. Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii ni kweli kwa mambo mengi, lakini watungaji wa hadithi na michezo ya kuigiza wametuonyesha watu wenye macho mazima ambao huambiwa tazama asubuhi na jioni, nao hawatazami. Juu ya watu hao nataka kusema maneno machache.

Nimewasoma kwa miaka mingi, mara nyingine peke yangu na mara nyingine pamoja na vijana wa umri wenu. Nimeona kuwa vijana wanapokutana nao kwa mara ya kwanza hucheka. Kicheko hicho ni halali, kwa sababu msomaji amewekwa mahali pa juu aonapo pande zote za jambo, na mtu wa hadithini yuko chini bondeni. Lakini kicheko hakifundishi kitu mpaka kifuatwe na swali. Swali lenyewe ni hili: mtu huyu anapata faida gani kwa kutoona? Hapana mtu afumbaye macho bure. Kufumba macho mbele ya jambo lililo wazi ni kazi, tena kazi ya kuchosha, na kila kazi ina ujira wake. Tukiujua ujira tumemjua mtu.

Wa kwanza kwa umaarufu ni Don Quixote, aliyetungwa na Miguel de Cervantes wa Hispania katika kitabu kilichotoka kwa sehemu mbili, ya kwanza mwaka 1605 na ya pili mwaka 1615. Alikuwa bwana wa makamo, umri wake ukikaribia miaka 50, aliyependa mno hadithi za mashujaa wa kale wapanda farasi, hata akauza sehemu ya mashamba yake ili anunue vitabu zaidi. Mwisho akaazimia kuwa shujaa yeye mwenyewe, ijapokuwa zama za mashujaa hao zilikuwa zimekwisha kupita. Hata watu wasiokisoma kitabu hiki wanakijua kisa cha vinu vya upepo. Siku moja yeye na mtumishi wake, Sancho Panza, waliona uwandani vinu thelathini au arobaini. Don Quixote akasema kwamba ni majitu yenye mikono mirefu. Sancho akamwambia kuwa ni vinu, na hayo aliyoyadhani mikono ni matanga yageuzwayo na upepo. Hakusikia. Akamtimua farasi wake, akakichoma kinu kwa mkuki. Tanga likauvunja mkuki vipande vipande, likamtupa chini yeye na farasi wake. Je, alikiri kwamba ni vinu? Hasha. Alisema kwamba mchawi adui yake ameyageuza majitu kuwa vinu ili amnyime sifa ya ushindi.

Tazama nguvu ya jibu hilo. Kila ushahidi unaokuja kumpinga, yeye huushika na kuugeuza uwe wa upande wake. Akishinda, majitu yalikuwapo. Akishindwa, majitu yalikuwapo na mchawi pia. Mtu mwenye jibu la namna hii hawezi kushindwa kwa hoja, na mtu asiyeweza kushindwa kwa hoja hawezi kujifunza.

Walakini kisa ninachokipenda kuliko hicho ni kidogo, nacho kimo katika sura ya kwanza kabisa. Don Quixote alipokuwa akitengeneza silaha za mababu zake, zilizokuwa zimeota kutu, aliona kwamba chapeo, yaani kofia ya chuma ya vitani, ilikosa sehemu ya kufunika uso. Akaiunda sehemu hiyo kwa karatasi ngumu. Kisha, ili ajue kama yaweza kustahimili pigo, akachomoa upanga wake akaipiga. Pigo la kwanza likaharibu kazi ya juma zima. Akaiunda upya, akatia vipande vya chuma kwa ndani, akaitazama, akaridhika nayo. Na bila ya kutaka kuijaribu tena, akaihesabu kuwa chapeo bora.

Nawasihi mtulie kidogo mahali hapa. Mtu aliyepotewa na akili kabisa angaliipiga chapeo ile mara ya pili pasipo hofu yoyote, kwa maana angaliamini kwamba ni imara. Huyu hakuipiga. Kwa nini? Kwa sababu mahali fulani moyoni mwake alijua kwamba itavunjika. Hii ndiyo alama ya watu wote nitakaowataja katika insha hii. Mtu asiyetaka kuona amekwisha kuona mara moja. Ndiyo maana anajua hasa upande upi asigeuze uso. Baadaye Don Quixote anawazuia njiani wafanyabiashara wa Toledo, akiwataka wakiri kwamba Dulcinea, mwanamke ampendaye, ndiye mzuri kuliko wote duniani. Mmoja wao anaomba waonyeshwe walau picha yake. Don Quixote anajibu kwamba wakimwona, kukiri kwao hakutakuwa na thamani. Ni lazima wakiri kwanza, bila ya kuona. Dulcinea mwenyewe alikuwa msichana wa shamba, jina lake Aldonza Lorenzo. Ukipenda, chongo huita kengeza.

Ujira wa Don Quixote ni ndoto nzuri. Pasipo ndoto yake ni mzee wa kijijini mwenye farasi aliyekonda. Tunamhurumia, hata tunampenda, kwa sababu sehemu kubwa ya gharama ya upofu wake anailipa mwenyewe kwa mbavu zake. Lakini si gharama yote. Alimkuta mvulana mmoja mchunga kondoo, jina lake Andrés, amefungwa mtini na bwana wake, anachapwa. Don Quixote akaamuru afunguliwe, akamwamini yule bwana kwa ahadi yake, akaenda zake akijisifu kwa haki aliyoitenda. Alipokwisha kutoweka, mvulana alifungwa tena akachapwa kuliko kwanza. Walipokutana siku nyingine, Andrés alimwomba asimsaidie tena kamwe, hata akimwona anakatwa vipande. Nawaomba mmweke mvulana huyu katika kumbukumbu zenu. Karibu na kila mtu asiyetaka kuona pana mtu mwingine aliyefungwa mtini.

Wengine hufumba macho kwa ajili ya cheo. Mwaka 1837 Hans Christian Andersen wa Denmark alitoa hadithi ya mfalme aliyependa mavazi, akajiwa na walaghai wawili waliodai kufuma kitambaa ambacho hakionekani na mtu asiyestahili cheo chake au aliye mpumbavu wa kupindukia. Waziri mzee alipelekwa kukitazama. Macho yake yalimwambia kwamba hapana kitu juu ya mtambo. Cheo chake kikamwambia kwamba macho yako yatakufukuzisha kazi. Akasifu rangi za kitambaa. Wa pili akafanya kama yeye, na mfalme akafanya kama wote wawili, akatoka uchi mbele ya watu wake. Watu hukumbuka zaidi mtoto aliyesema kwamba mfalme hakuvaa kitu. Mimi hukumbuka yaliyofuata. Neno la mtoto likaenea mpaka umati wote ukalipaza, na mfalme mwenyewe akaona moyoni kwamba wanasema kweli. Hata hivyo aliazimia kuyamaliza maandamano. Akatembea kwa madaha kuliko kwanza, na watumishi wake wakaendelea kulibeba pindo la vazi lisilokuwapo. Hapo hapana tena mlaghai wala aliyedanganywa. Kila mtu anajua, na kila mtu anajua kwamba mwenziwe anajua, na pindo linabebwa vivyo hivyo.

Wengine tena hufumba macho kwa kuogopa kuonekana waoga. Katika mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Julius Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili na ukachapwa mwaka 1963, Kaizari anaonywa na mtabiri, anaonywa na mkewe, na mwisho anapewa barua yenye majina ya watu wanaotaka kumwua. Mtoa barua anamsihi aisome kwanza, maana inamhusu yeye mwenyewe. Kaizari anajibu kwamba kwa kuwa inamhusu yeye mwenyewe itasomwa mwisho. Ni jibu la kiungwana, nalo ndilo lililomfikisha kwenye majambia. Barua isiyofunguliwa ni ndugu ya chapeo isiyojaribiwa.

Katika riwaya ya Chinua Achebe wa Nigeria iliyotoka mwaka 1958, ambayo kwa Kiswahili huitwa Shujaa Okonkwo, mambo ni machungu zaidi. Kijana Ikemefuna amekaa nyumbani kwa Okonkwo miaka mitatu, naye humwita baba. Mzee wa kijiji anamwonya Okonkwo asishiriki katika kifo cha kijana huyo. Okonkwo anakwenda pamoja na wauaji, na kijana anapomkimbilia ampe hifadhi, anamkata kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu aliogopa watu wasije wakamdhani dhaifu. Baada ya hayo alikaa siku mbili hakuonja chakula. Ulimi wake haukukiri neno, lakini tumbo lake lilikiri. Hivyo ndivyo ilivyo. Mtu aweza kuamuru macho yasione, lakini hawezi kuamuru kila kiungo cha mwili wake kisijue.

Katika mifano hii yote afumbaye macho ni mtu mmoja au baraza la mfalme. Nakuja sasa kwa mji mzima. Mwaka 1882 Henrik Ibsen wa Norwe aliandika mchezo ambao jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Adui wa Watu. Mji mdogo wa pwani umejenga mahali pa kuogea wagonjwa, na wageni wameanza kuja na fedha zao. Daktari wa mahali hapo, Thomas Stockmann, anayatilia shaka maji. Hakimbilii kutangaza, anayapeleka kwanza kwa wataalamu wa chuo kikuu yapimwe. Jibu linarudi kwamba maji yamechafuliwa na uoza utokao kwenye viwanda vya kutengeneza ngozi, na kwamba yanadhuru watu. Daktari anafurahi, akidhani kuwa mji utamshukuru kwa kuuokoa.

Ndugu yake ndiye meya, naye anamhesabia gharama. Mabomba yote hayana budi kufukuliwa na kulazwa mahali pengine. Mahali pa kuogea patafungwa miaka miwili. Miji jirani itawachukua wageni wote. Isitoshe, hapo mwanzo mabomba yalilazwa mahali pale kwa amri ya wakubwa, wakati daktari mwenyewe alitaka yalazwe juu zaidi. Baada ya hesabu hiyo, meya hasadiki tena kwamba maji ni mabaya kiasi hicho. Mhariri wa gazeti, aliyekuwa ameahidi kuchapa habari hizo, naye hasadiki. Wenye nyumba, walipojua kwamba fedha zitatoka mifukoni mwao, nao hawasadiki. Maji yakawa safi, si kwa kuwa yamesafishwa, bali kwa kuwa kuyasafisha ni ghali. Mkutano wa hadhara ukaitishwa, na watu wakakata shauri kwamba daktari ni adui yao. Usiku huo madirisha ya nyumba yake yalivunjwa kwa mawe.

Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa mji ule waliujua ufa, wakaujua na ukuta. Lakini ufa ulitaka fedha leo, na ukuta utataka fedha kesho, pengine za mtu mwingine. Waliofungwa mtini katika mchezo huu ni wagonjwa ambao watakuja kiangazi kuoga, wakitumaini kupona. Hawamo katika mkutano. Hawana kura.

Fasihi yetu wenyewe ina nchi nzima ya namna hii. Shaaban Robert, katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, alieleza habari za nchi iliyo angani ambayo ilipeleka wajumbe sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe alirudi na habari za mambo mema aliyoyaona huko, yafaayo kuigwa kwa ajili ya raha ya watu. Kila mjumbe alitupwa kifungoni. Nchi ilituma watu wakatazame, kisha ikawaadhibu kwa sababu waliona. Haya yanadhihirishwa na Karama, aliyeshitakiwa kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria. Siku baada ya siku anasimama mbele ya baraza na kulikumbusha habari za wajumbe mmoja mmoja, ambazo baraza lenyewe linazijua. Hawaletei jambo jipya. Anawarudishia walilokwisha kulisikia na kulizika. Kwa kuwa alisema kwa adabu, kwa utaratibu na bila ya kuchoka, mwishowe aliachiliwa pamoja na wajumbe waliokuwa kifungoni. Nafurahi kwamba mwandishi aliyetuonyesha ugonjwa huu alituonyesha pia kuwa unaweza kupona.

Hapa mwanafunzi mwenye kufikiri ataniuliza neno. Atasema: “Mwalimu, Don Quixote alikuwa peke yake na watu wote walimpinga, Daktari Stockmann alikuwa peke yake na watu wote walimpinga. Wewe unamwita mmoja kipofu na mwingine mwenye kuona. Umejuaje?” Swali hili ni jema, maana si kila kinachoitwa wazi ni wazi. Mara nyingi watu wengi wamekubaliana katika kosa, na mtu mmoja aliyekataa kuona kama wao ndiye aliyeona. Basi ukweli haupimwi kwa idadi ya vichwa. Hupimwa kwa namna nyingine, na kipimo chenyewe tunacho tayari. Daktari aliyapeleka maji yapimwe, akakubali kungoja jibu, liwe la kumfurahisha au la kumwaibisha. Don Quixote alikataa kuipiga chapeo mara ya pili. Aonaye hukaribisha jaribio. Asiyetaka kuona hulikimbia, hulikasirikia, au hulipiga marufuku. Mkiwaona watu wawili wanabishana, nanyi hamjui nani mkweli, msiangalie nani ana sauti kubwa zaidi wala nani ana wafuasi wengi zaidi. Angalieni nani anasema, “Njooni tupime.”

Lipo swali la pili, nalo ni gumu zaidi. Je, yatupasa kumfumbua macho kwa nguvu kila mtu tunayemwona ameyafumba? Ibsen mwenyewe, miaka miwili baada ya mchezo wa daktari, aliandika mchezo mwingine, Bata Mwitu, kana kwamba anajijibu. Humo kijana mmoja, Gregers Werle, anaingia katika nyumba ya rafiki yake na kuifunua siri ya zamani, akiamini kuwa ukweli utaijenga nyumba hiyo upya. Nyumba inabomoka, baba anamkataa binti, na binti huyo, Hedvig, mwenye umri wa miaka 14, ndiye anayepoteza maisha. Ukweli uliotupwa kama jiwe huvunja kama jiwe. Kwa hiyo haitoshi kuwa na ukweli. Lazima tujue na namna ya kuuchukua mikononi.

Jambo hili nililiona kwetu kabla sijalisoma vitabuni. Nilipokuwa mtoto nilikaa katika mji wa pwani, nyumbani kwa nyanya yangu mzaa baba, pamoja na shangazi yangu. Shangazi alikuwa na mwana mmoja tu, baharia. Kijana huyu aliondoka na jahazi mwanzo wa kusi kwenda Arabuni, akatarajiwa kurudi na kaskazi. Kaskazi ikavuma, majahazi yakatia nanga moja baada ya moja, lake halikuonekana. Manahodha walioulizwa walitazama chini. Mji mzima ulijua. Lakini kila jioni shangazi alipakua sahani ya mwanawe, akaifunika kawa, akaiweka mahali pake. Hapana aliyethubutu kusema neno. Walakini niliona kitu kimoja. Kabla ya sala ya isha shangazi mwenyewe aliifunua sahani ile na kumpelekea mzee maskini, jirani yetu. Mtu amngojeaye msafiri kwa kweli humwekea chakula mpaka usiku wa manane. Shangazi hakungoja. Mkono wake ulijua neno ambalo ulimi wake ulilikataa.

Sahani ile haikumdhuru mtu, ilimshibisha mzee. Lau mambo yangalikuwa hayo tu, ningalisema kwamba huzuni ina haki ya kufumba macho kwa muda. Lakini kijana yule alikuwa ameacha mke. Mwanamke huyu alikaa nasi, akipika na kuteka maji, akiwa si mke wala mjane. Wazee wa kwao walipotaka shauri lipelekwe kwa Kadhi, ili hali yake ijulikane na aweze kuolewa tena, shangazi alilia na kusema kwamba wanamzika mwanawe akiwa hai. Wakanyamaza kwa kumhurumia. Kaskazi ya pili ikapita, na ya tatu, na ya nne. Faraja ya mmoja ilikuwa imekuwa kufuli ya mwingine.

Siku moja nyanya na shangazi walikuwa wamekaa uani wakichagua mchele. Nyanya hakusema kwamba mjukuu wake amekufa. Aliuliza tu, “Mwanangu, huyu mkaza mwanao anatimiza miaka mingapi mwaka huu?”

Shangazi akafikiri, akajibu, “Ishirini na mitano, mama.”

Nyanya akasema, “Alikuja kwetu ana ishirini.”

Wakaendelea kuchagua mchele. Halikusemwa neno lingine, lakini niliona shangazi ameuweka ungo chini na kumtazama yule mwanamke aliyekuwa kisimani, akamtazama kwa muda mrefu. Juma lile lile alivaa buibui lake, akamshika mkono mkaza mwanawe, wakaenda kwa Kadhi pamoja. Mzee jirani aliendelea kuletewa chakula kila jioni. Tofauti ni kwamba sasa kilipakuliwa kwa jina lake mwenyewe.

Nimekifikiria kisa hiki mara nyingi ninapowasoma watu wa Cervantes na wa Ibsen. Nyanya yangu hakumpiga mwanawe kwa ukweli, wala hakumwachia uongo. Alimwonyesha mtu aliyefungwa mtini. Naona kwamba hiyo ndiyo njia ipitayo katikati ya mawili yale. Mtu aweza kukataa miaka mingi kuiona hasara yake mwenyewe, lakini akionyeshwa kwa upole mtu mwingine anayeilipa hasara hiyo, huruma humfumbua macho mahali ambapo hoja zilishindwa.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba watu hawa wanakaa vitabuni tu. Mwalimu anaporudisha madaftari, yuko mwanafunzi ambaye hutazama alama iliyoandikwa juu, akauona wino mwekundu uliojaa chini, akalifunga daftari upesi na kulitia mkobani. Amekwisha kuona; ndiyo sababu amefunga. Wino ule ulikuwa pigo la kwanza juu ya chapeo yake, naye hataki la pili. Mtihani utampiga la pili bila ya kumwomba ruhusa. Kadhalika liko kundi la marafiki ambamo mmoja anaonewa, na wote wanajua, na wote wanacheka ili wasionekane kuwa wamejua. Hao wamelishika pindo la vazi la mfalme.

Basi mtakapomcheka mtu wa hadithini asiyetaka kuona, chekeni, kisha mjiulize maswali matatu. La kwanza, ni jaribio gani ninalolikwepa? La pili, ninalipwa nini kwa kulikwepa: ndoto, cheo, sifa, mali, au faraja? La tatu, nani analipa gharama yake? Mawili ya kwanza mtu aweza kuyajibu kwa hila, kwa maana moyo ni wakili hodari wa kujitetea. La tatu ni gumu kulidanganya, kwa sababu jibu lake lina uso na jina, tena mara nyingi linakaa nyumba ile ile, au dawati lile lile, pamoja nasi. Anayeanza kwa kumtazama mtu huyo atajifunza kuona mengineyo.